Masikio ya Prakso

Pale sokoni Farai, mji wa Wagiriki, kuna mungu ambaye hajibu kwa mdomo wake. Ni Herme, wa jiwe, ana ndevu, amesimama katikati ya wauza samaki na wauza mboga. Ukiwa na shida unamwashia taa, unamnong'oneza sikioni, unaziba masikio yako kwa viganja, unatembea hivyo hivyo mpaka nje ya soko. Ukishatoka ndo unaachia. Sauti ya kwanza utakayoisikia, hata iwe ya mlevi, basi hilo ndilo jibu lake.

Prakso alikuwa anauza vitunguu majani hapo hapo karibu. Alishawaona watu wengi mno wakipita viwiko nje kama mitungi ya mvinyo yenye vishikio viwili. Yeye hakuwahi kuuliza kitu. Aliona kama si saizi yake. Herme ni mjumbe wa mbinguni, ana mambo yake na mashujaa. Kuna kijana alimpa viatu vya kuruka. Kuna mfalme mzee alimpitisha katikati ya maadui akachukue maiti ya mwanawe. Sasa Aigon, mume wa Prakso, alikuwa mwendesha nyumbu, na ushujaa wake mkubwa ni kuanguka kutoka juu ya ukuta akiiba tini.

Ila safari hii Aigon alikuwa kitandani na mguu mweusi. Nyumbu alimkanyaga, kidonda kikaoza, weusi ukatoka vidoleni ukapita kifundo. Tabibu Nikandro aliunusa tu akageuza uso.

"Ukatwe chini ya goti, leo leo," alisema. "Ukishavuka goti msiniite."

"Mwanangu hakatwi," alisema Fano, mama yake Aigon. "Mtu mzima aruke ruke kama panzi? Mwacheni, mguu utapona wenyewe."

Aigon aliwaangalia wote, jasho linamtoka. "Prakso, kamuulize Herme. Atakalosema, nakubali."

Basi Prakso akaenda. Akawasha taa, akaliinamia lile sikio la jiwe, baridi kama chura. Akanong'ona, "Akatwe au asikatwe? Najua yeye si shujaa. Nisaidie tu." Akaziba masikio, akaanza safari.

Alipopita kwenye meza yake akamwona mbuzi amepanda juu anakula vitunguu, taratibu kabisa, kama kaalikwa. Jirani anampungia mikono, mdomo wazi, lakini Prakso hasikii kitu, na hawezi kuachia. Akampita yule mbuzi huku machozi yanamlengalenga.

Halafu akaona kitu langoni. Fano. Amejishika kiuno, mdomo tayari.

Prakso akaelewa palepale. Mama mkwe amekuja kumwekea mungu maneno mdomoni. Yaani akiachia tu masikio, atasikia "Mwache," na Aigon atakubali, maana ameahidi. Na Aigon atakufa.

Hakuachia. Akapita langoni akaendelea, masikio yamezibwa ndi. Fano akamfuata, midomo inacheza. Wakakata njia ya mto, Prakso mbele, viwiko vinamuuma, Fano nyuma anahema, mtandio umeshaanguka begani. Wafuaji nguo wakasimama kuwaangalia wale wanawake wawili, mmoja hasikii, mwingine hanyamazi.

Mwisho mikono ikamshinda Prakso. Ikashuka yenyewe, akafumba macho, akasubiri lile neno.

Halikuja. Fano pumzi zilikuwa zimemwishia. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, amevua kiatu, anasugua goti lake bovu. Akagumia, kwa hasira ya mtu anayejisemea mwenyewe:

"Mguu gani huu. Heri wangeukata tu nikapumzika."

Kisha akainua kichwa. Akamwangalia Prakso, akaangalia mikono ya Prakso iliyokuwa chini, na uso wote ukamlegea.

"Sikusema mimi," alisema.

"Ndiyo hivyo, mama. Hukusema wewe."

"Nilisema wangu. Huu wangu, wa baridi yabisi."

"Najua."

Wakakaa hapo kidogo. Prakso akampokea kiatu, akamvisha, akamshika mkono, wakarudi polepole kwa sababu ya lile goti.

Nyumbani Aigon aliuliza, "Kasema nini?"

Prakso aligeuka. Alimwangalia mama mkwe.

"Ukatwe," alisema Fano, sauti imekauka.

"Kwa mdomo wa nani?"

"Kwa wangu, baba. Usiniulize zaidi."

Aigon akauangalia mguu wake. "Basi nitakuwa mtungi wa kishikio kimoja," alisema.

Nikandro akampa mvinyo mzito, akafunga kamba juu ya goti, akatoa msumeno. Fano akapanda kitandani, akakiweka kichwa cha mwanawe mapajani, akamziba masikio kwa viganja vyake, kwa nguvu, asiusikie.

Hapo ndipo Prakso alipopata woga mpya. Mikono hiyo ikitoka, sauti ya kwanza atakayoisikia Aigon itakuwa nini? Akaanza kutafuta neno zuri. Utapona. Utaishi. Akalishika mdomoni muda wote ule, huku amemkandamiza mumewe mabega, huku Nikandro anafanya kazi yake.

Ikaisha. Fano akaondoa viganja. Aigon akafumbua macho, meupe kama maziwa, akamtafuta Prakso.

"Mbuzi kamaliza vitunguu vyangu," alisema Prakso.

Hakujua limetoka wapi. Akajiziba mdomo.

Aigon akachezesha midomo. "Vyote?"

"Vyote."

Nikandro alikuwa ananawa. Alisema homa ndiyo itakayoamua, wasubiri. Prakso akakaa sakafuni ameushika mkono wa mumewe, akilipindua lile neno la mbuzi kichwani, hajui ni bishara njema au mbaya, na hakuthubutu kumuuliza mtu.