Vinzi vya Mwalimu Angetile

Chupa sita zilikuwa zimepangwa kichanjani, zimesuguliwa kwa mchanga mpaka zinang'aa. Angetile alizitazama: tupu, bila kinzi hata kimoja.

Alikuwa mwalimu wa baiolojia huko Ndandalo. Mwaka ule wa 1997 kila kitu kilivuka mto Songwe kutoka Malawi kwa biashara huria, sabuni, mitumba, redio. Yeye akavusha vinzi vya ndizi. Mtafiti aliyesoma naye, mkazi wa Malawi, ndiye aliyempa, vya ukoo wenye kasoro katika jeni moja. Miezi miwili alivilisha ndizi zilizopondwa ili wanafunzi waone kwa macho yao jinsi kasoro inavyorithiwa.

Mama mkwe wake, Ikupa, mfinyanzi wa Ikombe aliyekuja kumlea mjukuu, alieleza kwa utulivu kwamba ndizi za chupani zilikuwa zimeoza, akazimwaga na kuosha chupa. Wiki iliyotangulia alimwaga mafuta ya hadubini. Angetile alipomlalamikia mumewe, jibu lilikuwa lile lile: mama ni mama.

Ilisalimika chupa moja tu, iliyofichwa nyuma ya mtungi wa maji isiungue na joto. Jumamosi Angetile aliweka mayai ya vinzi vyake chini ya hadubini, dirishani, akamwita Ikupa aje aone alichotaka kukiangamiza.

Ikupa aliinama. Alisema vijidudu vingi vinajinyonganyonga ndani ya mayai, ila hiki hapa kimetulia tuli.

"Seli zake za misuli zipo, mama," Angetile alisema, uchovu ukimsikika. "Zimeshindwa kuungana. Kila moja imebaki peke yake. Zisipoungana hakuna msuli, na bila msuli hatoki kwenye yai."

Ikupa aliinua uso. "Mama yake alikula nini?"

"Hakula kitu. Kasoro imetoka kwa baba na mama, wote wawili, nao wazima, wanaruka."

Ndipo Ikupa akasimulia habari za mtoto wake wa pili, aliyezaliwa mlegevu kama kitambaa kilicholowa, akafa siku ya tatu. Wakwe walisema ni yeye, kwa kuchimba udongo akiwa mjamzito. Miaka thelathini na minne walisema hivyo.

Hasira ya Angetile ikawahamia hao wakwe. Hata hivyo hakutaka kudanganya: alimwambia mtu si nzi, na ugonjwa wa mtoto yule haujui.

"Lakini yawezekana haukuwa udongo," Ikupa alisema.

"Udongo haukuwa, mama. Hilo nakuhakikishia."

"Ndaga," alishukuru Ikupa, akainama tena. Jua liliposogea akaomba kioo cha hadubini kigeuzwe kifuate mwanga, apate kuendelea kutazama. Angetile, mwenye daftari arobaini za kusahihisha, alisonya kimoyomoyo, akakigeuza.