Ndama Waliopita Mlango wa Bakteria

Naikumbuka vizuri, mwanangu, jioni ile baba yako alipokuja kuniposa. Ilikuwa miaka ya biashara huria, sukari imejaa madukani Sumbawanga, hupangi tena foleni, naye alileta mfuko mzima. Sisi Wasukuma tulikuwa tumehamia huku Ufipa na ng'ombe wetu, na babu yako alikuwa hajaamua kama binti yake aolewe na Mfipa wa chuo kikuu asiyejua hata kukamua. Mimi nilishaamua zamani, lakini nani aliniuliza?

"Huko chuoni unasomea nini hasa?" babu yako akauliza.

"Jinsi bakteria wanavyoingiza sukari mwilini mwao, mzee. Kwenye utando wao kuna protini. Imejikunja, ikaupita utando mara kumi na mbili, katikati ikaacha nafasi ya sukari. Inafunguka nje, sukari inaingia. Inajifunga kwanza, ndipo inafunguka ndani. Haifunguki pande zote mbili kwa pamoja hata siku moja."

Babu yako alimtazama kama anayesikiliza redio ya Burundi.

Hapo baba yako angenyamaza tu, lakini wapi! Akainuka hadi zizini. Kwetu ndama hutengwa na mama zao mpaka ng'ombe wakamuliwe, na kati ya zizi la ndama na la ng'ombe palikuwa na kichochoro chenye lango kila upande.

"Kichochoro hiki ndiyo protini," akasema, "na ndama ndiye sukari."

Akafungua lango la ndama, mmoja akaingia. Kwa furaha ya kueleweka akakimbilia lango la pili, akalifungua, la kwanza bado li wazi. Ndama wote wakapita mbio hadi kwa mama zao. Tulipowafikia, viwele vilishasinyaa, na wajomba zangu wameketi wanasubiri maziwa.

Babu yako akayafunga malango yote mawili mwenyewe. Nikajua nimekosa mume.

"Kijana," akasema mwishowe, "huyo bakteria wako angekuja kuposa yeye, ningempa binti leo hii. Wewe njoo kesho asubuhi ulinde lango."

Alikuja jua halijatoka, na baridi yetu unaijua. Akalinda mpaka mzee akaridhika. Hadi leo hapiti mlango bila kugeuka kuufunga.

Sasa, mwanangu, nimesikia una mchumba kule Mwimbi na mwingine kule Kipili, na wote wawili wanashona gauni. Funga lango moja kabla hujafungua jingine. Mmoja mwambie ukweli leo, kwa adabu, kabla hawajakutana stendi. Mungu akujalie mke mmoja, maziwa tele, na baba mkwe mwenye subira kama babu yako.