Posho ya Njia ya Longido

Wakati wa Mdachi, kabla ya vita, nilikuwa mpagazi wa mzungu mmoja mwenye duka la ngozi hapa Arusha. Alitutuma Longido kuchukua ngozi za Wamasai. Mapatano yalikuwa wazi: ujira ni wa mzigo, na posho ya njiani mtu atalipwa akirudi. Tuliporudi alitoa ujira, posho akaikalia.

Aliyemtia maneno ni mnyapara wake, mtu wa pwani. Alimwambia mbele yetu, "Bwana, hawa hawakununua hata punje. Walilala kwa wenzao, wakachinjiwa."

Ni kweli, tulichinjiwa. Kwetu Waarusha, kama kwa Wamasai, ukifika kwa mtu wa rika lako hakuulizi umekuja na nini. Anachinja. Lakini asikudanganye mtu kwamba ni bure. Siku akija yeye kwako, unachinja wewe. Na yule mwenyeji wangu wa Longido alikuwa ameshasema mvua zikikatika atashuka Arusha. Kwangu hakukuwa na hata mbuzi, ugonjwa wa sotoka ulimaliza ng'ombe wa baba na mbuzi tukawala kwa njaa. Posho ile ndiyo ilikuwa mbuzi wa mgeni wangu. Ningemlaza na njaa, sokoni Ngaramtoni ningepita na uso gani?

"Ulikula?" mzungu akaniuliza.

"Nilikula."

"Ulilipa?"

"Bado. Mwenyewe atakuja kula kwangu."

Mnyapara akacheka. "Sikieni! Deni lenye miguu!"

Mzungu akanionyesha kiboko kilichoning'inia mlangoni. "Taja posho tena, utakula hamsa ishirini." Yaani viboko ishirini na vitano. Nikatoka. Sikuwa mwoga, ila ngozi ya mgongo ni moja.

Mvua zikakatika, mwenyeji akaja na wenzake wa rika. Nikamweleza yote, bila kuficha. Hakukasirika. Akasema, "Basi aliyeshika chakula changu ndiye mwenyeji wangu. Nipeleke."

Tukaenda, tukaketi barazani kwa mzungu, mlango tukauziba.

"Wanataka nini hawa?"

"Wamekuja kula, Bwana," nikasema. "Nyama ya Longido umeihesabu kuwa posho uliyotupa. Basi aliyechinjiwa ni wewe, na leo ni zamu yako kuchinja."

"Wataondoka lini?"

"Mgeni haulizwi hilo."

Akageuka, akakitungua kiboko. Hakuna aliyesogea. Ndipo mnyapara akamshika mkono, uso wote jasho. "Bwana, taratibu! Hawa ndio wenye ngozi. Ukimpiga huyu mbele yao, mzigo wote utakwenda dukani kwa Mhindi."

Mzungu akasimama pale, anahema. Kisha akaingia ndani, akarudi na rupia, akazitupa sakafuni.

"Mkononi," nikasema.

Mnyapara alifumba macho. Mzungu akainama, akaziokota, akanipa mkononi. Wapagazi wenzangu, waliokuwa wakichungulia toka njiani, ghafla wakajipanga mstari na wao.

Jioni ile mbuzi wa posho alichinjwa nyumbani kwangu. Mwenyeji akala, akajifuta mafuta, akauliza kwa nini nabeba ngozi zake kwa ajili ya yule mtu wakati ningeweza kuzinunua mwenyewe.

Sikubeba tena mzigo wa mtu.