Springi Nilizoziacha Kitale

Kitanda cha springi cha kwanza mimi kukiona kilikuwa cha mzungu. Baba yangu alikuwa anamkamulia ng'ombe kule mashambani nje ya Kitale, na mzungu alipoamua kurudi kwao aliambia wafanyakazi kila mtu abebe anachoweza. Wengine walibeba sahani. Mmoja alibeba mlango, na nyumba yake haikuwa hata na fremu. Baba akabeba kitanda.

Mama akakikatalia nje. Alikisugua na majivu na mchanga, springi moja moja, mpaka jua likaenda, na kila akisugua anauliza, "Nani alikufia hapa?"

"Hakuna mtu alikufa," baba akasema. "Walikuwa wanalala tu."

"Umejuaje? Ulikuwa unalala nao?"

Sisi watoto tulicheka mpaka tukapigwa. Kitanda kikaingia, na tangu siku hiyo baba akigeuka tu, boma lote linajua, kwa maana kilikuwa kinalia kama bata. Mengine ya kitanda hicho niyaache. Lakini mama alikipenda. Alizeeka juu yake, na mgongo wake ulibaki umenyooka kama wa msichana.

Hiyo ndiyo elimu yangu yote ya springi. Ya shule ni kidogo zaidi, darasa la pili, halafu ng'ombe wakahitaji mtu.

Sasa, huo mgongo wa mama ndio nilikuwa naufikiria miaka ile pikipiki zilipojaa huku kwetu kama kumbikumbi baada ya mvua. Kwetu ni upande wa Bungoma, ndani, mahali lami hupasikia tu kwenye redio. Mama watoto, mke wangu, alikuwa ameteleza mtoni na ndoo kichwani, akaanguka na makalio juu ya jiwe. Daktari wa Kitale akasema mgongo unaweza kunyooka, lakini lazima aende kila wiki akanyooshwe kwa mazoezi, na asirushwerushwe njiani. Asirushwerushwe! Daktari huyo hakuwa ameona barabara yetu. Nikauza fahali, nikanunua pikipiki, nikajifunza kuendesha na mvi zangu, majirani wamejipanga kwenye ua kuangalia mzee akiingia kwenye mihogo.

Pikipiki zile zilikuja na springi laini, nyembamba, za kubeba mtu mmoja mwenye afya. Shimo moja, kitako kinagonga chuma, na mama watoto analia "Uwi!" kule nyuma. Nikaona springi za nyuma lazima zibadilishwe, ziwekwe bora zaidi.

Nikaanza na fundi wa Bungoma. Huyo alikuwa anatema mate chini kila baada ya neno, na hapo hapo kwenye mate analaza vyombo vyake. Sijui kama mnanielewa. Spana inatoka kwenye mate inaenda mdomoni, aishike na meno akitafuta nati. Mimi nilikuwa nimekula viazi, nikaomba Mungu vikae.

Aliniwekea springi nene kama kidole gumba, halafu kati ya mizunguko akapachika vipande vya tairi la lori. Akanipiga bega. "Mzee, hii sasa inabeba gunia mbili za mahindi na wewe mwenyewe unaimba."

"Nitambeba mama. Ana mgongo."

"Ana kilo ngapi?"

"Mke wangu si gunia, bana."

"Basi shida ni yako. Springi hizi bila mzigo hazikai. Weka gunia moja kati yako na yeye, zitakaa."

Huku kwetu ndivyo fundi anavyofikiri. Pikipiki inatengenezewa mahindi, makaa, kreti za soda, jeneza hata. Mtu akipanda, anapanda kama mzigo mwingine. Nilijaribu hivyo hivyo, na ilikuwa kama kukalia jiwe lililokasirika. Tulifika Kitale mama watoto ameuma kanga mpaka ikatoboka.

Siku hiyo ndiyo tukampata fundi wa Kitale, nyuma ya soko, karibu na njia ya kwenda hospitali. Kijana msafi huyu, nguo ya kazi imefuliwa, anakuita "mzee wangu" na kumtafutia mama kiti. Alizing'oa zile za Bungoma akizicheka, akaleta shoki mbili kamili, vile vyuma vya nyuma vinavyobeba kiti, na springi zake. Hazikuwa mpya, alisema hivyo mwenyewe, lakini za pikipiki kubwa, ya bei, iliyotumika kidogo. Akasimamisha pikipiki kwenye stendi ya katikati, akafungua boliti ya juu na ya chini, akapachika, akakaza, akapanda juu akarukaruka. Haikugonga. Akazungusha ile pete ya chini yenye ngazi, ya kukaza springi, mpaka ngazi ya watu wawili wazee.

Na nisidanganye, zilikuwa tamu. Shimo likija unalisikia kama habari ya mbali. Kurudi nyumbani, mama watoto alisinzia mgongoni kwangu, kichwa kizito kama cha mtoto, na tulipofika akashuka bila kushikwa. Wiki chache hivi akaanza kuinama kuokota kuni. Alisema, "Baba watoto, nitacheza kwenye harusi ya mjukuu." Mimi nilikuwa tayari nazihesabu hizo springi kama watu wa nyumba yangu.

Halafu ya kushoto ikaanza kulia. Kiii, kiii, ukikanyaga shimo. Nikasema aa, kama kitanda cha baba. Tulipotoka hospitali tukapita kwa yule fundi. Mama watoto akabaki amekaa juu ya kiti cha pikipiki, kwa sababu kushuka na kupanda ndiko kulikokuwa bado kunamuuma.

Fundi akachuchumaa, akapitisha bisibisi kati ya mizunguko, akachokoa. Kikatoka kitu. Akakishika na vidole viwili akakitupa karibu na mguu wangu. "Ndiyo hiyo ilikuwa inalia. Nilifikiri nilitoa yote."

Nilikiokota. Ulikuwa uzi wa kufuma, wa manjano, kama wa shali ya mtoto mchanga, umekauka ukawa mgumu. Oili huwa inapaka kidole rangi nyeusi. Huu haukupaka. Ulimeguka, kahawia, kama gamba la kidonda.

"Hii ni nini?"

"Si ile ajali ya mteremkoni, lori la miwa?" Alisema kama mtu anataja mahali alinunua sukari. "Springi zimetoka hapo."

Ajali hiyo sisi sote tuliijua. Mama na mtoto wake mgongoni, juu ya bodaboda. Tulipita hapo siku ya pili, majani ya miwa bado yako barabarani.

"Ulizitoa kwa polisi?"

"Polisi!" Akacheka, na vijana wa bodaboda waliokuwa hapo wakacheka naye. "Mzee wangu, ukingoja polisi utakuta imebaki honi tu. Mimi nilifika wa kwanza na spana yangu. Watu wanachukua simu, wanachukua viatu, kiatu cha maiti, bana! Mimi siwezi hiyo. Nilichukua kazi yangu tu."

Na alitaka nimsifu. Niliona kwenye uso.

"Mzee anaogopa springi!" kijana mmoja akapiga kelele. "Zitamtokea ndotoni, kiii!"

"Chuma hakina matanga," fundi akasema. "Kama ni macho tu, nitazipaka rangi."

Kisha mama watoto akaongea kutoka juu ya kiti, sauti ya chini. "Yule mama. Ulipokuwa unafungua, alikuwa amekufa?"

"Bado kidogo. Alikuwa chini hapo, anaomba maji."

"Ukampa?"

Fundi akamwangalia kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga. "Mama, mikono yangu ilikuwa na grisi."

Kwetu, kitu kilichomwaga damu ya mtu hakipiti langoni hivi hivi. Anaitwa mzee mwenye kazi hiyo, kondoo anachinjwa, watu wananyunyiziwa, maisha yanaendelea. Kwa damu ningetafuta kondoo, ninao. Lakini kwa mikono hiyo, kondoo gani?



Mama watoto alishuka peke yake. Alishusha mguu mmoja, akashika tanki, akashusha wa pili, na nikasikia pumzi ikimkatika. Akafunga kanga, akaanza kutembea kuelekea stendi ya magari, amejipinda upande kama mundu. Alijua, na mimi nilijua, kwamba kurudi ni kwa gari la kurushwarushwa, na kila wiki baada ya hiyo. Mgongo ule haukunyooka tena, na harusi ya mjukuu aliiangalia akiwa amekaa.

Nikauweka ule uzi mfukoni. Ufunguo nikauacha pale pale kwenye pikipiki.

"Mzee wangu! Pikipiki yako!" fundi akaita. "Mzee! Si imeacha kulia?"

Nikamfuata mke wangu. Nyuma ya soko lile sijakanyaga tena.