Kipara Amelowa

Juzi, katikati ya kiangazi, mjukuu wangu alirudi mtoni na ndoo kichwani, akaniita tangu uani: "Bibi, Kipara amelowa!"

"Mpaka wapi?"

"Mpaka masikioni!"

Nikaomba fimbo yangu.

Kipara ni jiwe, ndugu yangu, usije ukadhani ni babu wa mtu. Lipo mtoni kwetu huku milimani Mbinga, jeusi, laini kama kichwa kilichonyolewa. Nilipokuwa mtoto, mto huo ndio uliozungusha mashine ya kusaga ya misheni. Asubuhi mama alinituma nikamtazame Kipara. Kichwa kikiwa kimelowa, tulibeba mahindi, maana mfereji wa mashine una maji. Kikiwa kikavu, tulitwanga kwenye kinu mpaka viganja vikawaka moto. Mawe mengine nayo yalikuwa na majina: Mama Mkwe, aliyekaa katikati akizuia kila kitu, Pacha, na Mvivu, aliyejitokeza pale tu kiangazi kilipokaza. Watu wa ziwani walipanda kutoka Mbamba Bay na usipa mkavu, dagaa wa kwao, wakabadilishana na unga. Foleni nzima ilinuka samaki, na gurudumu likipiga kelele hata padri alihubiri kwa kupayuka.

Kisha tukapanda mikaratusi kingoni, sisi wenyewe, tukishangilia mbao. Mto ukasinyaa. Mashine ikafungwa, na Kipara tukamfanya pa kuanikia nguo.

Kina mama tulipoamua miti ile ing'olewe, jirani yetu, mwenye mingi kuliko wote, alinuna.

"Bibi, hizo ni mbao za nyumba yangu! Na maji yasiporudi?"

"Baba, hiyo miti inakunywa kukushinda wewe."

Watu wakacheka, naye akacheka, akashika shoka. Lakini swali lake lilinikaa rohoni, kiangazi baada ya kiangazi. Yasiporudi, nitamtazamaje?

Basi juzi nashuka na mjukuu, namkuta jirani kasimama kingoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Unaona?"

"Naona. Nyumba yangu hiyo, inapita."

Tulicheka mpaka nikakaa chini.

Gurudumu limeliwa na kutu, sista wa misheni aliyetusagia hayupo, na mama hayupo wa kupelekewa habari. Unga siku hizi ni wa mashine ya dizeli. Nikatia miguu majini, baridi ileile. Mjukuu akauliza mawe mengine yanaitwaje. Nikamtajia yote, hata Mvivu, ambaye kwa sasa, nashukuru, haonekani.