Siku Saba za Kutafuta Barua ya Saumu

Nakumbuka Jumatatu moja, mwanangu Rehema, ambayo hadi leo ikinijia huwa nacheka kwanza, halafu nashusha pumzi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, msimamizi wa kituo cha kulelea watoto wadogo kule Old Korogwe, na nilikuwa najiona kweli kweli. Juzi uliponipigia simu kuniambia kuwa leseni ya kituo chako cha Manundu imekaribia kutoka, ila afisa ustawi wa jamii anakusumbua kwa karatasi za walezi, hasa za yule dada wa rafiki yako, ulisema maneno yaliyonirudisha siku ile. Ulisema, "Mama mkubwa, hawa wote nawafahamu." Nikanyamaza. Wewe ukadhani mtandao umekatika, ukawa unaita "haloo, haloo", kumbe mimi natafuta pa kuanzia. Sasa nimepapata. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ungenikatisha, nakujua.

Kituo chetu kilikuwa cha Mama Ester, mjane aliyeshuka kutoka Bungu na cherehani moja na uvumilivu mwingi. Kilikuwa na vyumba vitatu, uwanja wenye uzio wa michongoma, na jiko la uji nyuma. Watoto walifika kama arobaini hivi. Mama zao walikuwa wauza nyanya, wauza mitumba na walimu, na wengine walitembea kwa miguu kutoka Manundu asubuhi na mapema, mtoto mgongoni, wawahi kuanza biashara. Leseni ilikuwa ukutani ndani ya fremu. Mama Ester aliifuta vumbi kila Ijumaa kwa kitambaa chake maalumu, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa.

Kazi yangu mimi ilikuwa mafaili ya walezi. Utaratibu ulikuwa wazi hata kwa mtoto: hakuna mtu anayekaa na mtoto wa mwenzie kabla hajaleta barua ya mtendaji wa kijiji alikotoka, majina ya wadhamini wawili wasio ndugu zake, na cheti cha daktari. Mimi nahakikisha kila karatasi, nikiridhika naandika jina kwenye daftari, na mbele yake neno "amethibitishwa", na sahihi yangu. Sahihi yenyewe nilikuwa nimeifanyia mazoezi, ina mkia mrefu.

Sasa unajua sisi Wazigua tulivyo. Mgeni hajakaa vizuri kwenye kigoda umeshamuuliza mama yake katoka wapi, baba yake kaoa wapi, mpaka mpatane kuwa nyinyi ni ndugu, ndipo chai iletwe. Mimi katika jambo hilo nilikuwa bingwa. Watu walinitania kwamba ukiniachia mtu robo saa nitamtafutia ukoo hata kama hana. Nilijivunia sana utani huo, na sikuona kama ndani yake kuna onyo.

Ndipo akaja Saumu. Binti mwembamba, mpole, kiasi cha miaka kumi na tisa, anatafuta kazi ya ulezi. Akanisalimu kwa Kizigua, nami nikafurahi maana Old Korogwe siku zile masikio yangu yalikuwa na njaa ya lugha ya nyumbani.

"Kwenu wapi?" nikamuuliza.

"Mbele ya Sindeni, dada."

"Mbele ya Sindeni! Basi wewe ni wa kwa Mjomba Mhina, yule mwenye mashamba ya mahindi karibu na bwawa."

"Ee, dada."

"Na mama yako lazima ni yule mfupi, mcheshi."

"Ee," akasema, anatazama chini.

Nikampa kiti, nikampa uji, nikampa kazi. Cheti cha daktari alikuja nacho, na yeye mwenyewe ndiye aliyekumbuka karatasi zilizobaki. Akaniuliza, "Dada, niende nikalete barua ya mtendaji?" Nikamcheka. Nikamwambia, "Barua ya nini, na sisi ni ndugu? Nikudai barua kama mtu wa njiani?" Ukweli wenyewe, mwanangu, niliona aibu. Kumdai ndugu barua ni kama kumwambia simwamini, na habari ingefika nyumbani kwamba Zaina siku hizi kawa mtu wa mjini. Nikafungua daftari, nikaandika jina lake, nikaandika "amethibitishwa", nikaweka sahihi na mkia wake. Saumu akapelekwa chumba cha wachanga.

Miezi miwili ikapita salama. Jumatatu hiyo, baada ya uji, akaingia afisa ustawi bila taarifa, mzee mmoja mnyamavu aliyekuja kwa baiskeli na suruali kaifunga kamba kwenye vifundo asiichafue kwa grisi. Akaomba daftari. Akalisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, akawa anaita faili la kila mlezi. Kidole kilipofika kwa Saumu kikasimama.

"Faili la huyu?"

"La huyo lina cheti cha daktari tu, mzee. Lakini ni mtu mwema."

"Umeandika amethibitishwa. Amethibitishwa na nani?"

"Na mimi. Ni ndugu yangu."

Akafunga daftari polepole. Hakupandisha sauti. Akasema, "Binti, miezi hii miwili wewe hukuwalinda watoto hawa. Bahati ndiyo iliyowalinda. Na bahati hailipwi mshahara hapa, unalipwa wewe."

Sikuwa na pa kuweka uso. Lakini maneno yalikuwa mwanzo tu. Palepale mbele yetu akaandika adhabu. Chumba cha wachanga kifungwe siku hiyohiyo. Saumu asikanyage kituoni. Mama Ester, mwenye leseni, atozwe faini na apewe onyo la maandishi, liwekwe kwenye faili la kituo. Na mimi msimamizi nipewe siku saba kuleta barua na majina ya wadhamini, niende mwenyewe kijijini nikaulize, nisimtume mtu. Siku saba zikipita bila karatasi hizo, leseni inafutwa na kituo chote kinafungwa. Nikajitetea kwamba ni barua moja tu iliyokosekana. Akanijibu, "Barua kukosekana ni uzembe. Kuandika kwamba umeiona ni uongo. Hii adhabu kubwa ni ya uongo."

Nilitegemea Mama Ester atanifokea. Angenifokea ningepona. Yeye aliteremsha ile fremu ukutani, akaiweka mezani mbele yangu. "Zaina," akasema, "ikirudi hapo juu, utairudisha wewe." Jioni akasimama mlangoni kuwaeleza mama wa watoto wachanga, mmoja mmoja, kwamba kesho wasije.

Kufikia Jumanne jioni maneno yalikuwa yamezagaa Manundu yote. Watu walisema kituoni kumekamatwa binti mwizi wa watoto. Wengine walisema ametoroka kesi. Saumu akajifungia kwenye chumba chake cha kupanga. Nilimfuata, nikazungumza naye dirishani maana mlango alikataa kufungua. Aliniuliza, "Dada, mimi nimefanya nini?" Yeye ndiye aliyetaka kuleta barua, na mimi ndiye niliyemcheka. Laiti ingekuwepo, ningeishika mkononi nikapita nayo Manundu nyumba kwa nyumba.

Jumatano nikapanda basi la Handeni, nikashuka Sindeni, nikaendelea kwa miguu mpaka kijiji alichonitajia Saumu dirishani. Mtendaji hayupo, kaenda kwenye kikao Handeni, atarudi Ijumaa. Nikarudi Korogwe mikono mitupu, vumbi mpaka kwenye kope. Ijumaa nikaenda tena. Safari hii nikamkuta, kakaa nje ya ofisi yake anatengeneza redio. Nikamweleza shida yangu.

"Saumu namjua," akasema. "Wewe ni nani wake?"

"Ni ndugu yangu. Kwa Mjomba Mhina, mwenye shamba karibu na bwawa."

Akanitazama. "Mama, hapa hatuna bwawa. Wala hatuna Mhina."

Mwanangu, nikakaa chini bila kukaribishwa. Akaendelea kunieleza kwamba wazazi wa Saumu walitoka Kilindi kuja kutafuta shamba, na mama yake ni mrefu kuliko yeye mtendaji. Mimi nilikuwa simsikii vizuri tena. Kitu kimoja tu nilichodhani nakijua juu ya yule binti, hicho hicho hakikuwa kweli. Kama huyu si ndugu yangu, basi ni nani niliyemfungia chumba kimoja na vichanga kumi na mmoja, kutwa nzima, miezi miwili? Nikaanza kuona sura zao mmoja mmoja. Nikamuuliza kwa sauti iliyonitoka kama ya mtu mwingine, "Mtendaji, niambie ukweli. Huyu binti ana matatizo gani?"

Aliinuka akaita kuelekea zahanati, akatoka muuguzi mmoja mama mtu mzima, anapangusa mikono. Mtendaji akamwambia kuna mtu kutoka Korogwe anamuulizia Saumu. Yule mama uso ukafunguka. "Saumu wangu? Hajambo? Kanilelea pacha wangu toka siku ya kwanza mpaka wakaanza kutembea. Alipoondoka waliugua kwa kulia." Akanishika mkono, akanivuta hadi kwake, akanionyesha hao pacha, wanene, wanapigania hindi la kuchoma. "Niandike mdhamini wa kwanza," akasema. Mwalimu mkuu wa shule ya pale akawa wa pili.

Nililia, Rehema. Nililia barabarani narudi Sindeni na barua yenye mhuri nimeikumbatia kifuani, watu wananipa pole wakidhani nimefiwa. Sijawahi tena kupata raha kama ile. Na ndani ya raha yenyewe kulikuwa na woga, maana nilijua kabisa kwamba muuguzi yule angeweza kutoka zahanati akasema maneno mengine.

Jumatatu, siku ya saba, mzee wa baiskeli akaja. Akasoma barua mara mbili, akaandika kwenye daftari lake, akafungua mlango wa chumba cha wachanga kwa mkono wake mwenyewe. Onyo lilibaki kwenye faili, na mwaka mzima alikuwa akituibukia bila taarifa. Faini Mama Ester aliilipa, na hakunitajia tena. Fremu niliirudisha mimi. Ikakaa upande, na Mama Ester akakataza isinyooshwe.

Saumu alirudi kazini siku ileile. Nikamuuliza, kwa nini uliniitikia "ee" na Mjomba Mhina humjui? Akaniambia kwa upole wake, "Dada, uliuliza ukajibu mwenyewe. Ningekubishia vipi mkubwa?" Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nikamwomba msamaha, mbele ya walezi wote, maana aibu ilimpata mbele za watu.

Sasa sikiliza, mwanangu. Afisa anayekudai karatasi si adui yako. Kumfahamu mtu ni jambo moja, kumuulizia ni jambo lingine, na mtoto wa mwenzio anastahili hilo la pili. Mwite huyo dada wa rafiki yako, umwambie kwa heshima arudi kwao akalete barua, na mpaka aje nayo asimshike mtoto. Usiandike "amethibitishwa" kwa kalamu ya huruma. Adhabu haitakuangukia peke yako. Itamwangukia mama wa sokoni aliyekosa pa kumwacha mtoto, na itamwangukia binti wa watu asiye na kosa. Siku hizi mna simu, mna alama za vidole polisi, barua inapigwa picha ikafika kabla uji haujapoa. Sisi tulikula vumbi la Sindeni mara mbili.

Na jambo la mwisho. Uliniomba nije Manundu nikae na wachanga wako miezi ya mwanzo. Hukunidai karatasi, kwa kuwa mimi ni mama yako mkubwa. Nyuma ya barua hii utakuta karatasi tatu. Moja ni ya mwenyekiti wa mtaa wetu hapa Handeni, aliyeniuliza huku anacheka, "Bibi, kwa umri huu?" Ya pili ni ya wadhamini wangu wawili, hakuna hata mmoja ndugu yetu. Ya tatu ni ya daktari, kasema macho tu ndiyo yamechoka. Usizitie kwenye faili eti kwa kuwa tu ni zangu. Zisome, wapigie hao watu, uwaulize mimi ni nani. Ukiridhika, ndipo uandike jina langu, na mimi nitapanda basi.

Mwenyezi Mungu akijaalie kituo chako watoto wenye afya na walezi wenye huruma. Akupe ulimi wa kuuliza bila kuona haya. Na kila jioni mama akimpokea mwanawe mlangoni pako, ampokee mzima, nawe ulale usingizi mtamu. Amina.