Nyapara, Bata wa Fundi Rejeta

Kaka yangu amepiga watu wengi kuliko rejeta za magari alizoziba, na rejeta ameziba kwa miaka ishirini na mbili. Amempiga mteja aliyelalamika kwamba kazi imechelewa. Amempiga mwingine aliyesema kazi imewahi mno, kwa hiyo lazima imelipuliwa. Aliupiga mlango wa bafu mpaka ukang'oka, kisha akaupiga tena kwa kosa la kuanguka. Simsingizii, mimi ni mdogo wake, tumbo moja, na mara mbili nimempasua kichwa, ya kwanza kwa kifuniko cha sufuria na ya pili kwa pasi, bahati yake pasi haikuwa na moto. Kwetu mikono hutangulia, maneno yanakuja baadaye kuuliza kulikoni.

Kiumbe kimoja tu hakuwahi kukigusa kwa ubaya, naye ni bata.

Hata bata mwenyewe alimpata kwa ngumi. Dereva wa lori alileta rejeta inayovuja, na kwenye kiti chake alikuwa na boksi la vifaranga vya bata. Kimoja kilikuwa na mguu uliopinda. Dereva akakishika shingoni, akasema hiki hakina faida, akanyanyua mkono akitupe mtaroni. Ngumi yenyewe sikuiona. Nilichoona ni dereva amekaa chini, mdomo umejaa damu, na kaka yangu amekifumbata kifaranga kwenye kiganja chenye masizi.

"Rejeta njoo uchukue kesho," alimwambia. "Huyu humuoni tena."

Tulimwita Nyapara, kwa sababu alipokua alishinda uani akichechemea nyuma ya kaka, akikagua kila kitu na kupiga kelele kazi ikisimama. Ua ni mmoja, tunagawana. Mimi ni dobi, upande wangu ni mabeseni na kamba za kuanikia. Upande wake ni jiko la mkaa, meza ya mbao, kipande cha reli anachofulia vyuma, na rejeta zimelala kama mikeka mibovu. Hupasha chuma cha kulehemu mpaka kiwe chekundu, anayeyusha lehemu, anaziba tundu, kisha anakikung'uta kile chuma kwa nguvu zake zote. Ndiyo tabia yake tangu ujana. Matone ya lehemu yanaruka, yanadondoka mchangani yanang'aa. Tumegombana miaka na miaka kwa ajili ya matone hayo, maana yameshanitobolea mashuka ya watu.

Tabia yake ya pili ilikuja na bata. Kabla ya kurudisha mguu nyuma, huangalia kwanza, asije akamkanyaga Nyapara. Siku moja alikuwa anapigana na mnunuzi wa vyuma chakavu, na katikati ya ngumi akageuka kutazama nyuma ya kisigino chake. Alikula konde la sikio pale pale. Nilicheka mpaka nikakaa kwenye beseni.

Upande wa pili wa uzio anaishi fundi cherehani, mtu mwembamba, mpole, anayeongea na pini mdomoni. Ana kibustani cha mboga, na Nyapara alikuwa na njia yake ya siri ya kuingia humo. Mwezi uliopita alimaliza tuta zima. Fundi cherehani akasimama uzioni, mbele ya wateja wangu, akasema, "Jirani, huyu bata akirudi tena, nitamtilia sumu." Watu wote tulicheka, kwa sababu yule bwana hata mende humtoa nje kwa karatasi. Kaka yangu hakucheka.

Jumatatu asubuhi Nyapara hakutoka bandani. Nilimkuta amelala kifudifudi, mabawa yamelegea, shingo imelala chini hawezi kuinyanyua. Kinyesi kilikuwa maji matupu, kijani kibichi. Kaka alimwingiza ndani akamlaza kwenye kochi langu, juu ya mto nilioudarizi mwenyewe. Nikamwambia amtoe. Akanisukuma. Nikamvuta shati likachanika mgongo mzima, yeye akapiga teke stuli ikavunja kioo cha kabati. Bata akatoa mlio mdogo, na wote wawili tukaachiana, tukapiga magoti kila mtu upande wake.

Siku ile hakuwasha jiko. Alimdondoshea maji ya sukari kwa bomba la sindano, tone moja moja pembeni mwa mdomo, akimbembeleza. "Kunywa, mama. Kunywa kidogo tu." Sauti ile sikuwahi kuisikia kwa kaka yangu, hata mkewe alipokuwa anafungasha virago. Nilitaka kumhurumia, lakini alinyanyua uso akaniambia maneno ambayo yalinifanya nisile siku nzima.

"Akifa, yule mwenye pini mdomoni anamfuata."

Namjua. Hakuwa anatisha watu, alikuwa anatoa taarifa.

Kesho yake nilimleta daktari wa mifugo, mama mfupi wa buti za mpira. Aliminya tumbo la bata, akatazama macho, akanusa kinyesi. Kaka akamshika ukosi wa koti. "Sema ana nini!" Daktari akampiga na mkoba wake wa dawa, pigo zuri kabisa, la mtu aliyezoea ng'ombe. Kaka akamwachia.

"Dalili hizi ni za sumu," daktari akasema.

Basi. Hakusubiri neno la pili. Mlango ulikuwa umeshagonga ukuta, yeye hayupo, na daktari bado anaendelea kuongea huku akifungua kichupa.

"Mara nyingi ni sumu ya vyuma. Bata humeza vitu vidogo vinavyong'aa pamoja na mchanga. Vinakaa kwenye firigisi, vinasagika, sumu inaingia kwenye damu. Hapa nyumbani mnafanya kazi gani?"

Nilitazama nje kupitia dirishani. Jua lilikuwa limepiga upande wa kaka, na mchanga wote ulikuwa unametameta.

Nilichukua pasi nikakimbia. Nilichelewa. Alikuwa amemtoa fundi cherehani kwenye kiti chake kwa shingo, nguo zimetapakaa, uzi umewazungukia miguu wote wawili. "Mkono gani?" alikuwa ananguruma. "Mkono gani uliotia sumu?"

"Sijamgusa bata wako, jirani! Nilisema tu! Nilisema tu!"

Kaka akaukamata mkono wa kulia, akauweka kwenye fremu ya mlango, akaufunga mlango kwa bega. Nilisikia vidole vikivunjika. Mkewe fundi alipiga ukunga, nami nikamshindilia kaka pasi mgongoni, mara moja, mara mbili, mpaka akaachia na kupiga magoti. Fundi cherehani hakulia. Aliketi chini akauangalia mkono wake, na vidole vitatu vilikuwa vinatazama upande usio wao.

Wakampeleka hospitali. Mimi nikamburuta kaka nyumbani nikamwambia alichosema daktari mpaka mwisho. Lehemu ile ina madini ya risasi ndani yake, na hiyo ndiyo sumu. Matone yake mwenyewe. Alinizaba kofi hata sikuliona linatoka wapi. Sikurudisha. Hiyo ilimtisha kuliko pasi.

"Unamtetea jirani," alisema, lakini aliangalia chini.

Daktari alikuwa amempiga Nyapara sindano ya kwanza na kuacha nyingine, asubuhi na jioni kwa siku tano. Alisema dawa ikiwahi, inasaidia. Hakusema kama imewahi. Jioni ile kaka alishika bomba, akalisogeza hadi kwenye paja la bata, kisha akanipa. Mikono ile inaweza kunyoosha chuma, lakini ilishindwa kutoboa ngozi ya bata. Nikachoma mimi. Yeye akafumba macho.

Jumatano, saa sita mchana, degedege ikamshika. Nyapara alijikunja, shingo ikapinda mpaka kichwa kikagusa mgongo, mabawa yakapiga kochi puta puta puta. Kaka alimkumbatia kifuani, akapigwa na mabawa usoni, pua ikatoka damu, hakumwachia. Kisha bata akatulia. Nilimwekea kiganja kifuani, moyo haukupiga. Halafu kaka akasimama, akachukua kisu cha jikoni, akatoka uani na bata mkononi.

"Leo mtaa mzima utaiona sumu ya jirani!"

Alipiga rejeta kwa nyundo mpaka watu wakajaa. Fundi cherehani naye alikuja, mkono umefungwa plasta ngumu ya hospitali hadi kwenye kiwiko, akasimama uzioni. Nilimshika kaka mkono nikamwomba kwa jina la mama yetu tumzike tu bata wa watu. Alinitupa kwenye mabeseni. Nadhani alikuwa ameshajua. Nadhani alijua tangu nilipokataa kurudisha kofi, ila alikuwa anabishana na bata mwenyewe.

Alimlaza juu ya meza, akampasua. Alikuwa analia na kukata, kukata na kulia, akitukana. Alilitoa firigisi, gumu kama jiwe, akalichana katikati, akalimwaga juu ya ubao. Kulitoka mchanga na majani yaliyosagika. Kisha vikatoka vitu vidogo vya kijivu, vya mviringo, vimelainika kwa kusagwa. Akakichukua kimoja, akakisugua kwa kidole gumba kikang'aa. Kingine kilikuwa kimeganda na kipande cha shaba ya rejeta. Mtaa mzima ulijua nani analehemu.

Fundi cherehani ndiye aliyesema, bila kupaza sauti. "Haya, fundi. Mwenye sumu umempata. Mpige."

Kaka yangu alimtazama. Akautazama mkono wake wa kulia, wa kukung'uta. Akauweka juu ya kipande cha reli, vidole vimetandazwa, akaokota nyundo kwa mkono wa kushoto. Pigo la kwanza lilishuka kabla sijafika. Kidole kidogo kilipondeka, na sauti aliyotoa ilikuwa ile ile aliyotoa bata. Akanyanyua nyundo tena. Nilimrukia mkononi nikaning'inia, akaninyanyua pamoja na nyundo kama nguo ya kuanika.

Plasta ndiyo iliyomsimamisha. Fundi cherehani alikuwa ameruka uzio, sijui vipi na mkono mmoja, akaulaza ule mkono wake mbovu juu ya mkono wa kaka, pale pale kwenye reli.

"Piga basi, uvunje yote miwili!" alifoka, na ndiyo mara ya kwanza nilimwona hana pini mdomoni. "Nina sare za shule thelathini za kushona. Vidole vyangu umeshavivunja. Ukivunja na hivi vyako, nani atanishonea?"

Nyundo ilianguka. Kaka akaweka paji la uso juu ya ile plasta, akalia mbele ya watu aliowahi kuwapiga, na walikuwa wengi. Hakuna aliyeondoka.

Tulimzika Nyapara nyuma ya kamba zangu. Kuanzia Alhamisi, kila asubuhi, kaka yangu alikaa kwenye cherehani ya jirani, kidole kidogo kimefungwa kitambaa, magoti yamegusa kidevu, akishona sare za watoto huku akitukana uzi. Fundi cherehani alisimama nyuma yake na rula ya mbao. Mshono ukienda kombo, rula inatua kisogoni. Paa! "Fumua." Nilikuwa naanika nguo nikiwatazama kwa uzio, pasi iko miguuni tayari kwa lolote. Kwa wiki sita alipigwa rula kila siku ya Mungu, na hakurudisha hata moja. Mikono ya zile sare ilipishana urefu, na watoto wakaenda shule hivyo hivyo.

Vidole vya jirani vimepona, isipokuwa kimoja hakikunjiki. Kaka amerudi kwenye rejeta zake. Hasira hazijaisha, msidanganyike, juzi tu amempiga mtu teke kwa ajili ya kifuniko cha rejeta. Lakini chuma hakikung'uti tena. Anakifuta kwa kitambaa kibichi ndani ya kopo, polepole, na jioni anapiga magoti anachekecha mchanga kwa chujio langu la chai, ambalo nimeshaacha kulidai.

Na akitaka kurudisha mguu nyuma, huangalia kwanza. Anageuka, anatazama chini karibu na kisigino, anakuta mchanga mtupu. Hapo husimama kidogo, kisha ndiyo anarudisha mguu.